Vibao vya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliporudi kutoka hospitali alikuwa amebakiwa na maneno mawili tu yanayotoka sawasawa: "haya" na "bado". Mengine yote yalimkwama, yakatoka kama ya mtu aliyejaza ndimu shavuni. Kiharusi kilimpiga asubuhi ya Ijumaa, kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Wanaume wa mtaa walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka hospitali ya mji, na tangu siku ile mpaka aliporuhusiwa hawakumwacha peke yake. Walipokezana. Huyu anamgeuza, huyu anamwosha, huyu anamlisha uji kwa kijiko. Mtoto wake wa kiume, yaani mume wangu, hakuwapo. Alikuwa dereva wa lori, akipakia mizigo Dar es Salaam na kupita Chalinze na Msata hadi Segera na Tanga, na habari zilimfikia njiani, zimeshachelewa.

Mimi nilikuwa mkazamwana pekee nyumbani. Nilikuja Bagamoyo kama bibi arusi kutoka Pangani, na wakati huo ninaousimulia, miaka ya sabini ilipofika katikati, watu wa mashamba walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya na madukani sabuni ilipatikana kwa bahati. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili. Zote zilitoka mwezi wa tatu, bila sababu ambayo mtu aliweza kunionyesha. Kila mwanamke aliyeingia ukumbini kumjulia hali mgonjwa alinitazama kwanza tumboni, ndipo akanipa mkono. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini nilizoea kuvaa khanga ya pili kiunoni hata ndani ya nyumba, ili nisitazamwe.

Baba alikuwa seremala. Uani, nyuma ya jiko, alikuwa na banda la makuti lenye meza ya kazi, randa, patasi, na mashine moja ambayo sikuwa nimeona mfano wake. Ukiitazama kwa mbali ungedhani cherehani: miguu ya chuma, gurudumu, na ubao wa kukanyagia chini. Lakini juu, mahali pa sindano, palikuwa na mikono miwili ya chuma iliyoshika msumeno mwembamba mno, uliosimama wima. Sisi nyumbani tuliuita "uzi". Ukikanyaga, uzi unapanda na kushuka, nawe unausukumia ubao huku unaugeuza, ukakata maua, majani, hata herufi. Baba aliinunua kwa fundi wa Kihindi aliyekuwa akihama mji, na kwa mashine ile alikuwa akitengeneza vibao vya kutundika ukutani, vya kuwapa watu waliooa au waliojenga. Hakupata kuviuza. Alisema kitanda ndicho cha kuuza.

Basi aliporudi na maneno yake mawili, kila asubuhi aliketi kwenye kiti cha kamba ukumbini, akinyoosha fimbo kuelekea uani. Tulimpeleka chooni, akakataa. Tulimpeleka jikoni, akakataa. Mwishowe mama mkwe akamwongoza hadi bandani, akamketisha. Baba akagusa mashine kwa fimbo. Kisha akaonyesha mlangoni, upande wa mtaa, akageuza fimbo kulia, akaigeuza kushoto, kwenye nyumba za watu.

Mama akaifuata fimbo kwa macho. "Unataka kuwapa vibao," alisema. "Wale waliokuuguza."

"Haya," alisema baba, na machozi yakamtoka. Tangu augue, machozi yalikuwa karibu.

"Nani atakata?"

Baba akazungusha fimbo taratibu, ikanielekea mimi niliyesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Nilidhani amekosea. Mimi na baba mkwe hatukuwahi kuketi pamoja hata mara moja. Nilikuwa nikimsalimu asubuhi, shikamoo baba, naye marahaba, namtengea chakula, naondoka kinyumenyume. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo alivyotaka yeye. Lakini alikuwa ameniona nikishona kwa cherehani ukumbini, na nadhani akilini mwake ilikuwa ni hesabu nyepesi: huyu mguu wake unajua kukanyaga, na mkono wake unajua kuongoza.

Jioni nilimwambia mama kwamba siwezi, kwamba watu watasema. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Watu walimbeba mume wangu," alisema. "Wakisema, wana haki ya kusema. Kesho nenda. Nitaketi mlangoni."

Nikaenda. Sikulala vizuri usiku ule, wala siku nyingi zilizofuata.

Msumeno si cherehani. Cherehani ina meno chini yanayovuta kitambaa. Wewe unaongoza tu. Msumeno hauvuti kitu. Unausukumia wewe, na ukisukuma kwa haraka uzi unapinda, ukisukuma kwa wasiwasi ubao unaruka. Siku ya kwanza nilifunga uzi juu chini, meno yakitazama mbinguni badala ya kutazama ardhi. Nilipokanyaga tu, ubao ukanyanyuka na kunipiga kidevuni. Baba akagonga fimbo sakafuni. "Bado," alisema. Sikujua kama ananipa pole au ananikemea. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yangu kubwa kwake: bado moja ilikuwa na maana kumi, nami nilichagua daima ile mbaya kuliko zote.

Nilijifunzia mbao nyembamba za masanduku ya majani ya chai, tulizoomba dukani. Alinifundisha kwa fimbo. Akigonga polepole, nipunguze mwendo. Akigonga haraka, nikanyage bila kukatiza. Akiburuta fimbo chini, nigeuze ubao mahali pamoja huku uzi ukiendelea kufanya kazi, maana ukisimamisha mguu kwenye kona, uzi unakatika. Na ulikatika. Ulikatika kwa sauti ndogo, tap, kama kucha inayovunjika. Nyuzi zilikuwa adimu. Mume wangu alizitafuta Kariakoo kila alipopita, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Nilianza kuisikia tap hata nikiwa jikoni navunja kuni. Nilianza kuiota.

Baada ya majani na maua nilikata neno "Karibu". Tulimpa jirani aliyekuwa akileta maji hospitalini, naye akalitundika juu ya mlango wake siku hiyo hiyo. Nilipita pale kwenda kisimani, nikaona herufi R imelala kidogo. Tangu hapo nilizunguka njia nyingine, nisiione.

Lakini wale wanaume wa mtaa, baba hakutaka kuwapa "Karibu". Alinionyesha bati la biskuti juu ya rafu. Ndani mlikuwa na vigezo vya karatasi ngumu, alivyochorewa zamani na mtu mwenye hati nzuri. Herufi za Kiarabu zilizopindana kama mizabibu. Bismillahi. Mashaallah. Nilipoviona, nilirudisha kifuniko.

Nilikuwa nimehitimu chuo, nimesoma Kurani mpaka mwisho kama watoto wote wa Pangani wa wakati wangu. Nilijua kwamba nukta moja hubadilisha herufi, na herufi hubadilisha neno. Sasa nipitishe msumeno katikati ya jina la Mwenyezi Mungu? Na ule unga wa mbao unaodondoka chini, ambao miguu yetu inaukanyaga, nao una hukumu gani? Nilimuuliza mama.

"Tandika shuka chini," alisema. "Kila kitu kianguke kwenye shuka. Jioni tutamwaga kwenye mgomba, pasipopita mtu."

"Na zile siku zangu, mama?"

"Hukumu yake siijui. Lakini nakujua wewe; roho yako haitatulia. Siku hizo kaa jikoni. Baba yako nitamwambia unaumwa kichwa."

Ikawa hivyo. Nilitia udhu asubuhi kama naenda kuswali, nikatandika shuka, nikakaa kwenye mashine. Na kila mwezi kwa siku kadhaa niliumwa kichwa. Mwezi wa kwanza baba alikasirika, akagonga fimbo ukumbini tangu chai mpaka adhuhuri. Mwezi wa pili alielewa, nadhani, maana alitazama pembeni na hakunyoosha fimbo tena mpaka nilipojitokeza mwenyewe.

Kazi ilikwenda hivi. Nilinakili kigezo juu ya ubao wa mninga kwa karatasi ya kaboni. Nilitoboa matundu kwa keekee, tundu moja katika kila mahali pa kuondolewa. Kisha nilifungua uzi upande wa juu, nikaupitisha tunduni, nikaufunga tena, nikakata. Nilikuwa naondoa mbao za katikati ya herufi, herufi zibaki zimesimama ndani ya fremu. Nukta ndizo zilizoniua. Nukta haiwezi kuelea hewani. Lazima ishikwe na kijiti chembamba kinachoiunganisha na herufi yake. Kijiti kikiwa kinene kinaonekana kama herufi nyingine. Kikiwa chembamba kinavunjika.

Bismillahi ya kwanza niliikata kwa siku nyingi. Ilikuwa inapendeza hata mimi nikajua inapendeza. Nilikuwa nimeshaishika mkononi, naipiga msasa, karibu namaliza, pale kijiti kilipokatika na nukta ya chini ya herufi ya kwanza ikaanguka kwenye shuka. Kitu kidogo kama punje ya mtama. Nikabaki nimeinua kibao, nimeshindwa kukiweka chini wala kuendelea kukishika. Herufi ya kwanza ya jina la kuanzia mambo yote, haina nukta. Nikaanza kulia bila sauti, mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kulidhania.

Mama akaingia kutoka mlangoni. Nilimwambia, "Mama, nimeliharibu neno."

"Umeharibu ubao," alisema. "Neno liko palepale."

Lakini sikutulia. Niliwaza kwamba mtu aliyepoteza mimba mbili hakupaswa kuigusa kazi hii. Kwamba kila kinachopita mikononi mwangu kinakatika kabla hakijaisha. Sikulisema hilo. Baba aliinama kwa shida, akaiokota ile nukta kwa mkono wa kushoto, akaiweka kiganjani na kuitazama. Kisha akaufumba mkono, akagonga fimbo mara moja kuelekea kwenye rafu ya mbao. "Bado," alisema. Mara hii ilikuwa ya upole, hata mimi nilisikia.

Kibao kilichovunjika mama alikizika nyuma ya msikiti, kwa ruhusa ya mwalimu wa chuo, kwenye pembe isiyokanyagwa. Mimi nikachukua ubao mwingine.

Vilivyofuata vilipona. Si vyote vilikuwa sawa, lakini vilipona. Kila kimoja kilipokauka vanishi, mama alikifunga kwenye kitambaa na baba akakikabidhi mwenyewe kwa mgeni wake ukumbini, Ijumaa baada ya sala. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la kuendea uani, nikisikiliza. Mgeni wa kwanza alikuwa mwalimu wa chuo aliyekuwa akimwosha miguu hospitalini. Nilimsikia akikigeuza kibao mara mbili, mara tatu, nami nikajua ameona kosa.

"Alhamdulillahi," alisema hatimaye. "Mkono umerudi, fundi."

Nikasikia fimbo ikigongwa, na mama akasema, "Hapana, mwalimu. Anakuambia si yeye. Ni mke wa mwanawe."

Nilishika pazia. Nilifikiri atauliza kama nilikuwa twahara, kama nilijua nilichokuwa nakata, kama imeruhusiwa. Mwalimu aliuliza jambo moja tu: "Huyu msichana alisomea chuo gani?" Mama akamwambia Pangani. "Walimfundisha vizuri," alisema, akapiga kikohozi, akageuza mazungumzo.

Si wote waliokuwa kama yeye. Kuna mmoja ambaye mkewe aliniambia kisimani, kwa wema kabisa, kwamba mumewe amekiweka kibao ndani ya sanduku mpaka aulize kama yafaa. Nilisubiri jibu la swali lake kwa wiki kadhaa. Nilijua nikilala na nikiamka kwamba kile kibao kiko gizani chini ya nguo za sikukuu. Siku moja nilipita nyumbani kwao na mlango uko wazi, nikakiona ukutani. Hakuna aliyeniambia kitu.

Kilipobaki kibao kimoja, mambo yakabadilika.

Kilikuwa cha Bismillahi, cha rafiki yake baba aliyeishi kijiji cha Mkange. Huyu ndiye aliyemletea mbao miaka yote, mninga na mvule, kwa punda na baadaye kwa malori ya watu. Waliitana ndugu. Aliposikia habari za kiharusi alitembea kutoka Mkange mpaka Miono, akadandia lori la mahindi, akafika hospitalini na vumbi mpaka kwenye kope, akakaa chini ya kitanda cha mwenzake akila alichopewa. Alikuwa mtu wa kucheka sana, akichanganya Kikwere kila mahali. Sasa mume wangu alirudi safari na habari kwamba mzee yule anaumwa kifua, na kwamba kijiji chao kimehamishwa, haijulikani vizuri yuko nyumba ipi.

Baba aliposikia akagonga fimbo mpaka tukaogopa.

Asubuhi ile nilitia udhu na kwenda bandani. Mama alinifuata. Hakuketi mlangoni kama kawaida. Alisimama mbele yangu, kati yangu na mashine.

"Mwanangu," alisema, "mwezi huu hukuumwa kichwa."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimejua kwa siku nyingi na sikuwa nimemwambia mtu, hata mume wangu, hata nafsi yangu kwa sauti. Niliona kwamba nikilitamka litasikia na kuondoka.

"Wala mwezi uliopita," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Basi mguu wako hautakanyaga tena hicho chuma."

Alisema kwa utulivu, lakini niliona mdomo wake umekauka. Aliogopa kuliko mimi. Yeye ndiye aliyezifua shuka zangu zenye damu mara mbili zote.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mimi nilikaa ukumbini nimenyoosha miguu kama bibi kizee, nikihesabu kila maumivu madogo ya mgongo. Baba alikaa bandani na kibao cha Mkange kimewekwa mbele yake, kimechorwa, kimetobolewa matundu, hakijakatwa. Mama alikuwa katikati yetu, akienda huku na huku. Sikujua baba ameambiwa nini. Adabu haikuruhusu niulize.

Alasiri moja tulisikia mashine ikikanyagwa. Mwendo wake ulikuwa wa kuchechemea: unakwenda, unasimama, unakwenda. Mama akatupa mwiko, akakimbia. Tulimkuta baba sakafuni, amelala ubavu juu ya shuka, fimbo imemponyoka. Alikuwa amejaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto na kuongoza kwa mkono wa kushoto. Uzi ulikuwa umekatika, na kipande chake kilikuwa kimemchoma kidole. Hakuwa ameumia zaidi ya hapo, lakini alikuwa analia kwa hasira, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Mama alimnyanyua, akamwegemeza ukutani. Alimfuta kidole kwa ncha ya khanga yake. Kisha akageuka, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mashine upande wa kukanyagia, akapandisha gauni mpaka kwenye vifundo.

"Leta kiti kirefu," aliniambia. "Kaa hapo juu. Wewe mikono, mimi miguu. Na wewe, mzee, gonga."

Mama mkwe wangu hakuwahi kushona hata kitufe kwa cherehani. Mguu wake ulikuwa wa kupanda ngazi za kisima. Alikanyaga kwa nguvu, akaacha, akakanyaga. Ubao ulirukaruka mikononi mwangu, nami nilihisi kila mruko mpaka tumboni.

"Mama, polepole."

"Hii ni polepole."

"Bado," alisema baba, akagonga.

"Usinigongee kama punda," alimjibu mama, na kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa nilimwona baba anacheka, upande mmoja wa uso.

Tulianza na pembe ya fremu, mahali ambapo kosa lisingeonekana. Nilikuwa na uzi mmoja tu uliobaki. Niliuona unavyomeremeta na kupanda na kushuka, nikafikiria tap, nikafikiria nukta, nikafikiria kilichokuwa ndani yangu ambacho sikuthubutu kukipa jina. Jasho lilinidondoka usoni, mama akalikausha bila kuacha kukanyaga. Tulifanya kazi kidogo, tukapumzika, tukaendelea kesho yake, na keshokutwa. Mama alizoea. Alianza kukanyaga kwa kufuata fimbo, na mimi nikaanza kusahau kwamba mguu si wangu. Tulipofika kwenye nukta ya herufi ya kwanza alinishika goti. "Vuta pumzi," alisema. Nikavuta. Kijiti kilibaki.

Mume wangu alipita nyumbani na lori, akampakia baba mbele, katikati ya vifurushi vya mito ili asiyumbe, na kibao mapajani mwake. Nilibaki kwenye kizingiti na mama tukiangalia vumbi. Njia yao ilikuwa kupitia Msata, kisha kuingia Miono na kuendelea.

Siku hiyo hiyo, jua likiwa kichwani, niliona damu.

Ilikuwa kidogo. Mama alinilaza, akainua miguu yangu juu ya gunia la pumba, akamtuma jirani kumwita mkunga wa hospitali. Mkunga alikuja, akanigusa, akauliza mambo mengi, akasema nisinyanyuke mpaka aseme yeye. "Itabaki?" aliuliza mama. Mkunga akajibu kwamba hilo yeye hawezi kuahidi. Basi nililala nimetazama boriti za dari, nikisikiliza mwili wangu kama mtu anayesikiliza mwizi ndani ya nyumba. Mama alikaa chini karibu na kitanda. Hakusoma dua kwa sauti wala hakunipa moyo. Alinishika kifundo cha mguu tu, akakishika mpaka giza likaingia, na alipotaka kuwasha taa alinikabidhi kwanza ncha ya khanga yake niishike, kisha akarudi.

Wanaume walirudi kesho yake jioni. Mume wangu aliingia akanikuta nimelala, akajua. Aliketi ukingoni mwa kitanda na nguo zake za vumbi.

"Mmempata?" nilimuuliza, maana sikutaka aniulize yeye kwanza.

"Tumempata. Wamemjengea nyumba mpya kijiji kipya, mstari mmoja na wengine. Udongo wa ukuta bado mbichi."

"Na kibao?"

"Tulipiga msumari, ukatoka na udongo. Tukapiga upande mwingine, ukatoka. Basi akasema acheni, akakiweka kifuani, akalala nacho hivyo. Wamekaa wawili hao tangu adhuhuri mpaka alasiri, mmoja hawezi kusema na mwingine hana pumzi ya kusema. Mimi nikawa naona aibu kukaa nao, nikatoka kuangalia magurudumu."

Rafiki yule alifariki kabla mvua za masika hazijaanza. Watu wa Mkange walituletea salamu kwamba kibao kiko kwa binti yake, na ukuta umekauka.

Damu yangu ilikoma. Hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini mara hii ilikoma na mara zile haikukoma. Nililala, nikaamka, nikapita mwezi wa tatu, nikapita wa nne, na hofu haikupungua hata kidogo. Ilihama tu kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine. Sikushona nguo ya mtoto. Baba alinisogezea ubao mdogo laini mara kadhaa, akiniashiria nimtengenezee mtoto kibao, nami nilimrudishia kwa adabu kila mara. Nilisema mkono umechoka. Alikuwa anajua si mkono.

Binti yangu alizaliwa hospitalini asubuhi, mzima, mwenye sauti kubwa. Hata siku arobaini zilipoisha bado niliweka kiganja changu mbele ya pua yake kila nilipoamka, kuhakikisha anapumua. Kuhusu kibao, alipoketi nilisema ngoja atambae. Alipotambaa nilisema ngoja asimame.

Alisimama kwa kushika kiti cha kamba cha babu yake. Siku ile baba hakuninyooshea fimbo. Alichukua kalamu ya seremala kwa mkono wa kushoto, akainama juu ya ule ubao mdogo kwa muda mrefu, ulimi umetoka pembeni, na alipomaliza akausukuma mezani uje kwangu. Alikuwa ameandika jina la mtoto. Herufi zilikuwa zinayumba, nyingine kubwa nyingine ndogo, na mstari umeteremka kulia. Nilimuuliza mama kama nizinyooshe kwa kigezo kabla ya kukata.

Mama akamtazama mumewe, akanitazama mimi. "Zikate kama zilivyo," alisema.

Nikatandika shuka, nikafunga uzi, meno yakitazama chini, nikaufuata ule mkono wa kushoto kila ulipopinda.